Duka la Kofia na Hekalu la Nahodha

Katika mji wa Bristol, kwenye milima ya Appalachia huko Marekani, iko barabara kuu iitwayo State Street, ambayo mpaka wa majimbo mawili umepita katikati yake, hata mtu avukaye kwenda kununua mkate hutoka Tennessee akaingia Virginia, na arudipo nyumbani hutoka Virginia akaingia Tennessee. Upande wa Tennessee palikuwa na jengo la kampuni ya kofia ya Taylor-Christian. Na orofani mwa jengo hilo, baina ya tarehe 25 Julai na tarehe 5 Agosti 1927, waliingia na kutoka wakulima, maseremala, wahubiri na watu wa reli, wakaimba mbele ya maikrofoni nyimbo ambazo aghalabu zilikuwa hazijapata kuvuka baraza za nyumba zao. Kwa ajili ya siku hizo chache, Bunge la Marekani mwaka 1998 liliutambua mji huu kuwa ndipo ulipozaliwa muziki wa kantri. Jengo lenyewe limekwisha kutoweka. Mgeni huonyeshwa mahali lilipokuwa, kisha huvushwa mpaka kwenda kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2014.

Aliyeyaleta mambo hayo Bristol alikuwa Ralph Peer, wakala wa kampuni ya santuri ya Victor, mtu mwenye masikio mawili, moja la muziki na jingine la fedha, na la pili halikuwa dhaifu kuliko la kwanza. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kushuhudia santuri za Mamie Smith, mwimbaji mweusi, zikigombaniwa madukani mwaka 1920, na mwaka 1923 alikuwa amemrekodi mzee mmoja mpiga fidla wa Atlanta, Fiddlin' John Carson, akaona kwamba watu wa mashamba na wa migodi nao wako tayari kutoa senti zao kwa ajili ya nyimbo za kwao. Basi kampuni zikaigawa biashara kwa rangi ya ngozi: daftari moja la santuri likawa la watu weusi, na jingine la Wazungu wa milimani, na tangu hapo ulimwengu ukaaminishwa kwamba kantri ni nasaba ya Kizungu isiyochanganyika na nyingine. Msafiri anayeifuata njia ya muziki huu kituo hata kituo hugundua kwamba mgawanyo ule ulikuwa wa wafanyabiashara, si wa wapigaji wenyewe, maana jina moja kubwa baada ya jingine katika tarikhi hii lina nyuma yake mwalimu mweusi ambaye jina lake ama halikuandikwa kabisa, ama liliandikwa mwenyewe akiwa amekwisha kuzeeka au kufa. Hata banjo, ambayo leo hudhaniwa kuwa alama ya mzungu wa milimani, ilivuka bahari katika kumbukumbu za watumwa, ambao waliiunda upya kwa kibuyu na ngozi kwa mfano wa ala za kwao Afrika ya Magharibi.

Turudi orofani. Peer na mafundi wake wawili walitundika mablanketi kutani ili kuuzuia mwangwi, wakasimamisha maikrofoni ya umeme, chombo kilichokuwa kigeni bado, na nyuma yake wakaweka mtambo wa kuchonga sauti juu ya sahani nene za nta. Sahani hiyo haikuzungushwa kwa umeme, bali kwa uzito ulioning'inizwa katika kamba na kapi, ukishuka polepole kwa nguvu zake wenyewe, ili mwendo usiyumbe na sauti isipinde. Wimbo ulipaswa kumalizika katika muda wa dakika tatu au kupita kidogo. Shairi la beti kumi na mbili lililokuwa likiimbwa usiku kucha penye moto likakatwa likabaki na beti nne, na ndivyo nyimbo zilivyobaki mpaka leo. Katika siku za kwanza waimbaji walikuwa wachache. Kisha gazeti la mji likaandika kwamba Ernest Stoneman, aliyekuwa seremala, alikuwa amepata dola 3600 katika mwaka uliotangulia kwa kazi ya santuri. Na watu waliosoma habari hiyo, ambao wengi wao hawakuwa wakiipata fedha kama hiyo kwa jasho la miaka kadhaa, wakateremka kutoka mabondeni kwa garimoshi, kwa magari ya farasi na kwa miguu. Makundi 19 yaliimba nyimbo 76. Mweusi aliyerekodiwa katika hao wote alikuwa mmoja, El Watson, mpiga kinanda cha mdomo, na jina lake hutajwa mara chache na wanaosimulia habari za Bristol.

Miongoni mwa walioteremka alikuwamo A.P. Carter wa Maces Spring, kijiji kilichoko upande wa Virginia, mtu mrefu mwenye mkono wa kutetemeka, aliyekuwa akiuza miche ya matunda huku akikusanya nyimbo za wazee. Alikuja na mkewe Sara, mwenye sauti nzito ya kutulia, na shemeji yake Maybelle, binti wa miaka 18 aliyekuwa mjamzito na mimba yake imekwisha kuwa kubwa, pamoja na mtoto mchanga wa Sara na binti mkubwa wa kumpakata mtoto huyo. Gari waliloliazima lilikuwa la Eck, mume wa Maybelle. Na masimulizi ya jamaa husema kwamba Eck hakukubali kulitoa mpaka A.P. alipoahidi kumpalilia shamba lake la mahindi. Njia ilikuwa ya mawe, mpira ukapasuka, mto ukavukwa kwa taabu, na mwendo ambao leo ni wa muda mfupi uliwamalizia siku. Jioni ya tarehe 1 Agosti waliimba nyimbo nne. Asubuhi ya pili, Sara na Maybelle wakaimba nyingine mbili bila ya A.P. Kwa dola 50 kila wimbo walirudi nyumbani na dola 300. Historia haisemi kama magugu ya Eck yaling'olewa.

Santuri zile zilipouzwa, Peer akataka nyimbo zaidi, na A.P. akaingia njiani kuzitafuta. Hapa ndipo anapoingia Lesley Riddle, kijana mweusi wa Kingsport aliyekuwa amepoteza mguu katika ajali ya kiwanda cha saruji, ambaye alikuwa mpigaji wa gitaa wa kutajika. A.P. aliweza kuyaandika maneno ya wimbo, lakini mahadhi hayakumkaa kichwani. Riddle alikuwa akisikia mahadhi mara moja na kuyashika yasimtoke tena. Basi wawili hao wakazunguka pamoja, wakibisha hodi katika nyumba za Wazungu na za weusi, makanisani na vibarazani, mmoja akiandika na mwingine akihifadhi, kisha wakirudi Maces Spring, ambako Riddle alikaa siku nyingi akimpigia Maybelle nyimbo alizozijua. Mtindo wa Maybelle, wa kuupiga wimbo kwa kidole gumba katika nyuzi nzito huku vidole vingine vikitia mdundo juu, umewafundisha wapigaji gitaa wa vizazi vyote vilivyofuata. Na Maybelle mwenyewe hakuficha kwamba alifaidika na mgeni yule. Ni yeye aliyemwelekeza mtafiti Mike Seeger, katika miaka ya 1960, mpaka Riddle akapatikana na kurekodiwa. Mapato ya nyimbo zile, hata hivyo, yaliandikwa kwa jina la A.P. Carter.

Maces Spring leo hufikiwa kwa barabara nyembamba chini ya mlima. Duka alilokuwa nalo A.P. katika uzee wake lipo bado, na kibanda cha magogo alimozaliwa kimehamishiwa papo hapo. Pembeni yake ni ukumbi wa maonyesho ya muziki yaliyoanzishwa mwaka 1974 na bintiye Janette, ambamo kila Jumamosi watu hucheza kwa viatu vya kugonga sakafu, bila ya pombe na bila ya ala za umeme. Sheria hii ya umeme ilivunjwa kwa ajili ya mtu mmoja, naye ni Johnny Cash, ambaye alimwoa June, binti wa Maybelle. June alifariki mwezi wa Mei 2003. Tarehe 5 Julai ya mwaka huo Cash, naye akiwa mgonjwa na macho yake yamepungua nuru, alisaidiwa kufika jukwaani hapo akaimba hadharani kwa mara ya mwisho. Mwezi wa Septemba akamfuata mkewe.

Walakini ndoa iliyoujenga umoja wa Carter haikudumu, na namna ilivyokwisha ni hekaya isiyopitwa na riwaya yoyote. Sara alimpenda Coy Bayes, ambaye ni jamaa ya mumewe. Ukoo ukashtuka, na Coy akachukuliwa na wazazi wake mpaka California. Sara akatalikiana na A.P., lakini waliendelea kuimba pamoja, na mwaka 1938 wakaajiriwa na redio ya ajabu iliyokuwa Mexico, ng'ambo ya mto kutoka Del Rio, Texas. Mwenye redio hiyo, John R. Brinkley, alijiita tabibu, na alikuwa amepata utajiri huko Kansas kwa kuwapasua wanaume waliopungukiwa nguvu na kuwatia tezi za beberu. Aliponyang'anywa ruhusa ya utabibu mwaka 1930 aligombea ugavana wa jimbo hilo, akakaribia kuupata. Aliposhindwa akahamia mpakani, akajenga upande wa Mexico mtambo ambao nguvu zake zilifika wati 500,000, mara kumi ya zile zilizoruhusiwa Marekani, na wenyeji wakadai kwamba sauti yake ilisikika katika nyaya za ua na hata katika meno yaliyozibwa kwa madini. Ni kwa mtambo huo wa laghai kwamba nyimbo za Carter zilienea bara zima. Husimuliwa kwamba usiku mmoja wa mwaka 1939 Sara alitangaza hewani kuwa wimbo unaofuata ni hidaya kwa Coy Bayes wa California. Coy akausikia, akaja Texas, na mwezi wa Februari wakaoana. A.P. hakuoa tena. Brinkley naye alifilisika, redio yake ikafungwa na serikali ya Mexico, akafa mwaka 1942. Nami sijui mtu mwingine katika tarikhi ya muziki aliyefanya jema kubwa kiasi hicho bila ya kulikusudia.

Siku mbili baada ya akina Carter kuondoka Bristol, tarehe 4 Agosti, aliingia katika duka la kofia mtu mwembamba mwenye kikohozi, Jimmie Rodgers, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1897 na kulelewa katika kazi ya reli, tangu kuchota maji ya wafanyakazi hadi kushika breki za mabehewa. Wengi wa wafanyakazi wale walikuwa weusi, na nyimbo zao za kazi na za huzuni ndizo zilizomfundisha kuimba. Kifua kikuu kilimtoa relini. Alikuja Bristol na bendi, wakagombana kuhusu jina la kuandikwa juu ya santuri, wakaachana kabla ya kufika mbele ya maikrofoni; kwa hiyo akaimba peke yake, nyimbo mbili tu. Karibu miezi minne baadaye, huko Camden, New Jersey, alirekodi wimbo wa kwanza wa mfululizo wa Blue Yodel, ambamo aliuchanganya uimbaji wa huzuni wa weusi na ule mlio wa koo unaoruka ghafula kutoka chini kwenda juu, na santuri hiyo ikauzwa kwa wingi usiotazamiwa. Mwaka 1930 huko Los Angeles aliimba wimbo wa tisa wa mfululizo huo akisindikizwa na tarumbeta ya Louis Armstrong na piano ya mkewe Lil, na Victor wakaitia sokoni katika daftari la Wazungu bila ya kuwataja wasindikizaji.

Katika mji wa Meridian, alikozaliwa karibu nao na alikozikwa, lipo jumba la kumbukumbu yake, na fahari yake ni gitaa aina ya Martin ya mwaka 1928, iliyotiwa jina lake kwa lulumizi katika shingo, na mgongoni imeandikwa neno la shukrani juu chini, ili baada ya wimbo aigeuze na watazamaji walisome. Alijua kwamba hatakuwa na umri mrefu. Aliimba hata juu ya ugonjwa wake wenyewe. Mwezi wa Mei 1933 alikwenda New York kumaliza kazi aliyokuwa na ahadi nayo, ambako aliwekewa kitanda apumzike baina ya wimbo na wimbo. Siku mbili baada ya kumaliza akafa hotelini, umri wake ni miaka 35. Maiti ilirudishwa kwa garimoshi.

Habari zake hazikuishia Meridian, na msomaji wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kujua zilifika wapi. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, Kenya, akawakuta wasichana wakiimba kwa kinubi cha kienyeji wimbo wa kumwita mtu aitwaye Chemirocha. Alikuwa ni Jimmie Rodgers. Gramafoni na santuri za Wazungu zilikuwa zimeingia huko kabla ya hapo, na mwimbaji asiyeonekana, mwenye gitaa na sauti ya kuruka, akapewa jina la Kikipsigis. Na kwa tafsiri aliyoiandika Tracey, alikuwa kiumbe nusu mtu na nusu paa, ambaye wasichana walimsihi aje acheze dansi yao ya kuruka mpaka nguo zimtoke. Sauti zile zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoiasisi Tracey huko Afrika ya Kusini, na miaka zaidi ya 60 baadaye nakala zikapelekwa Kapkatet, wakakutwa hai baadhi ya wale walioimba. Katika makumbusho yote aliyojengewa Rodgers, huu naona ndio unaomstahili zaidi, maana nyimbo zilizotoka kwa wana wa Afrika waliokuwa wakitandaza reli zilirudi Afrika na kupokewa kwa furaha, pasipo mtu kuuliza rangi ya aliyezileta.

Kutoka Bristol njia inaelekea magharibi mpaka Nashville. Mji huo haukuwa wa muziki kwa asili. Ulikuwa wa mabenki, vyuo, uchapaji wa vitabu vya dini na bima. Kampuni moja ya bima, National Life, ilifungua redio mwaka 1925 na kuiita WSM, herufi za mwanzo za maneno ya tangazo lake la kuwakinga mamilioni. Na tarehe 28 Novemba ya mwaka huo mtangazaji George D. Hay, ambaye alikuwa na umri wa miaka 30 na akijiita jaji mzee, alimkalisha mbele ya maikrofoni mpiga fidla wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, akapiga mpaka barua na simu zikamiminika. Wenye mji waliona haya, lakini mawakala wa bima waliona biashara. Kila Jumamosi tangu wakati huo kipindi hicho hakijakatika, ingawa kumbi zimebadilika.

Jina la Grand Ole Opry lilikuja usiku mmoja wa Desemba 1927. Kipindi cha Hay kilifuata kipindi cha muziki wa kitaalamu kilichoongozwa na Walter Damrosch, ambaye usiku ule alieleza kwamba katika muziki wa hadhi hamna nafasi ya kuiga mambo ya dunia, ila akaruhusu kipande kimoja kinachoiga mwendo wa garimoshi. Hay alipochukua maikrofoni akasema kwamba kwake yeye hapatakuwa na kitu ila mambo ya dunia yenyewe, akamwita DeFord Bailey. Huyu alikuwa kijana mweusi mfupi mno, kwani ugonjwa wa kupooza ulimpata akiwa na miaka mitatu. Alikuwa mjukuu wa mtumwa aliyepiga fidla, na utotoni alikuwa akijibanza chini ya daraja la reli, garimoshi likipita juu yake, ili aisikilize vizuri sauti yake na kuipeleka katika kinanda cha mdomo. Akapuliza Pan American Blues: magurudumu yakianza taratibu, filimbi ikilia penye makutano ya barabara, kasi ikiongezeka, kisha sauti ikififia mbali. Alipomaliza, Hay akakipa kipindi jina jipya kwa kuifanyia mzaha opera. Katika mwaka 1928 Bailey alisikika katika Jumamosi 49 kati ya 52, na hapana aliyemkaribia. Alipozunguka na wenziwe katika miji ya kusini, umma ulimshangilia jukwaani, kisha hoteli zikamkatalia kitanda na mikahawa ikamkatalia chakula. Mwenzake Uncle Dave Macon, mpiga banjo, alikuwa akisema kwamba huyu ni mtumishi wake ili apate kulazwa chumbani.

Ukumbi ambao leo huzuriwa kwa taadhima kuliko wote ni Ryman, na asili yake haihusiani na muziki wa kantri hata kidogo. Nahodha Thomas Ryman alikuwa na majahazi ya moshi mtoni Cumberland, na ndani yake pombe na kamari zilimletea faida. Mwaka 1885 alikwenda kumsikiliza mhubiri Sam Jones hemani, na husemekana alikwenda kwa nia ya kufanya fujo. Badala yake alitubu, akaapa kumjengea mhubiri yule nyumba ambayo hatahitaji hema tena. Jengo la matofali mekundu likamalizika mwaka 1892. Ryman alipofariki mwaka 1904, Jones akamfanyia ibada ya maziko humo siku ya Krismasi na kupendekeza lipewe jina la marehemu. Opry waliingia humo mwaka 1943. Viti vyake ni mabenchi ya kanisa ya mti wa mwaloni yaliyopinda kufuata jukwaa, na mpaka leo mtu huketi bega kwa bega na asiyemjua. Hapakuwa na vyumba vya kuvalia vya kutosha, wala chombo cha kupoza hewa. Kwa hiyo wapigaji walikuwa wakitoka kwa mlango wa nyuma, wakavuka kichochoro na kuingia katika baa ya Tootsie, ambaye aliwakopesha vinywaji na kuyaweka madeni yao katika boksi la sigara. Tarehe 15 Machi 1974 kipindi kiliaga Ryman. Kesho yake jumba jipya likafunguliwa nje ya mji na Rais Nixon, ambaye alipiga piano na kufundishwa na mwimbaji mkongwe Roy Acuff kuchezea yo-yo, pengine saa ya furaha aliyoipata kwa nadra mwaka ule, kwani mwezi wa Agosti alijiuzulu. Wenye jumba walikata duara la mbao kutoka katika jukwaa la Ryman, upana wake futi sita, wakalipachika katikati ya jukwaa jipya, na mwimbaji akisimama juu yake hujua nani walisimama kabla yake. Ryman wenyewe ulikusudiwa kubomolewa. Watu wakapiga kelele, ukaachwa, na mwaka 1994 ukafunguliwa tena.

Aliyesimama juu ya mbao zile tarehe 11 Juni 1949, na kuitwa arudie wimbo wake mara sita, alikuwa Hank Williams wa Alabama. Mwalimu wake alikuwa Rufus Payne, mweusi aliyepiga gitaa barabarani huko Georgiana na Greenville, ambaye alimfundisha mtoto huyo kwa malipo ya senti chache na sahani ya chakula kutoka kwa mama yake. Hank mwenyewe alikiri kwamba mafunzo yote ya muziki aliyoyapata yalitoka kwa Payne. Maumivu ya mgongo wa kuzaliwa nao, na ulevi, vilimwangusha upesi: Opry wakamfukuza Agosti 1952. Mwisho wa mwaka huo alikuwa na ahadi ya kuimba Canton, Ohio, siku ya mwaka mpya. Theluji ikazuia ndege, akaondoka Knoxville usiku amelala kiti cha nyuma cha Cadillac yake ya buluu, dereva wake ni kijana mwanafunzi. Alfajiri, karibu na Oak Hill huko West Virginia, kijana aligeuka kumfunika blanketi, akaugusa mkono wake akaukuta baridi. Alikuwa na miaka 29. Huko Canton, habari ilipotangazwa, baadhi ya watu walicheka, wakidhani ni udhuru mwingine wa mlevi. Hata wapigaji walipoanza kuimba wimbo wake nyuma ya pazia lililofungwa, umma ukasimama na kuimba pamoja nao. Gari lile liko Montgomery, katika makumbusho, limesuguliwa likang'aa, na watu hupanga foleni kulitazama. Na kaburi la Hank, lenye kofia ya mawe chini ya nguzo yake, halikosi wageni. Rufus Payne alikuwa amefariki mwaka 1939 katika mji huo huo, fukara, akazikwa katika makaburi ya Lincoln mahali ambapo hapana ajuaye hasa. Jiwe la ukumbusho limewekwa baadaye, kaburi halijapatikana.

Amebaki Bailey. Mwaka 1941 redio ziligombana na chama kilichosimamia haki za watunzi, na nyimbo zilizokuwa chini ya chama hicho zikapigwa marufuku hewani. Nyimbo zake maarufu zilikuwamo. Wakamfukuza, na Hay, katika kijitabu alichokiandika mwaka 1945, akadai kwamba sababu ni uvivu, na akaihusisha sifa hiyo na watu wa rangi yake. Mtu aliyekosa Jumamosi tatu tu katika mwaka mzima hakuwa mvivu. Maneno yale yalikuwa dhuluma, na Bailey aliamini mpaka kufa kwamba walimtumia walipomhitaji na kumtupa ilipofika saa ya kumlipa kwa insafu. Alifungua duka la kung'arisha viatu, akalea watoto wake kwa kazi hiyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1974 aliitwa tena katika Opry kwa usiku wa wakongwe, akapuliza kinanda chake katika umri wa kukaribia miaka 75. Alifariki tarehe 2 Julai 1982, na aliingizwa katika Jumba la Heshima la kantri mwaka 2005, miaka 44 baada ya Jimmie Rodgers na Hank Williams kuingizwa.

Basi msomaji atakayepata nasibu ya kufika Nashville, akishaketi katika mabenchi ya Ryman na kutazama sahani ya jina la Bailey katika Jumba la Heshima, na afanye safari fupi ya gari mpaka makaburi ya Greenwood, ambako mzee yule amelala, ampe salamu za Afrika. Aendapo Montgomery, na apite Lincoln kabla ya kwenda kulitazama gari la Hank.